Jarida la picha kama darasa: kutoka Camera Work hadi podikasti ya Brooks Jensen

Leo tuweke pembeni habari za bumu, ratiba ya mitihani na foleni ya maji hosteli. Nataka kuandika juu ya jarida moja la picha la Marekani linaloitwa LensWork, na mhariri wake Brooks Jensen, jamaa ambaye siku hizi namsikiliza kwenye podikasti kila nikipanda daladala. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa Historia na Ualimu, siwezi kulisifia jarida hivi hivi tu. Lazima niulize limetoka wapi, nani alitangulia, na nani alilipa gharama.

Hoja yangu ni fupi. Jarida zuri la picha ni shule. Mhariri ni mwalimu, kurasa ni ubao, na wanafunzi ni watu ambao mwalimu hatawaona maisha yake yote. Sasa shule yoyote ina maswali mawili magumu, na walimu wenzangu mnayajua: nani analipa ada? Na je, mwalimu aseme anachokiamini au aseme kinachofurahisha darasa? Historia ya majarida haya, kwa zaidi ya miaka mia moja, ni historia ya watu waliojibu maswali hayo kila mmoja kwa njia yake.

Tuanze New York. Alfred Stieglitz alizaliwa 1864 Hoboken, ng'ambo tu ya mto kutoka New York, akapelekwa Ujerumani kusoma. Kule Berlin akakutana na profesa wa kemia ya picha, Hermann Wilhelm Vogel, na kamera ikamteka moja kwa moja. Aliporudi Marekani akakuta watu wanaiona picha ya kamera kama kazi ya fundi tu: bonyeza, safisha, chukua hela. Mchoraji ni msanii, mpiga picha ni mtu wa mashine. Stieglitz akakataa. Akahariri jarida la klabu ya wapiga picha, Camera Notes, kuanzia 1897, akagombana na wenye klabu, akatoka. Mwaka 1902 akaanzisha kundi lake, Photo-Secession, na toleo la kwanza la jarida lake mwenyewe, Camera Work, likabeba tarehe ya Januari 1903. Jalada lilibuniwa na kijana Edward Steichen, na picha za toleo hilo la kwanza zilikuwa za mwanamke, Gertrude Käsebier. Kwa zama zile, hilo nalo halikuwa jambo dogo.

Hapa naomba mnivumilie kidogo kwa mambo ya kiufundi, maana bila hayo hamtaelewa kwa nini watu wanalizungumzia jarida hili hadi leo.

Wote tunajua desa. Mtu ana notisi nzuri, zinapigwa fotokopi, fotokopi inapigwa fotokopi, na ikifika kwako picha ya Nyerere kwenye ukurasa wa tatu imekuwa doa jeusi lenye meno. Picha nyingi za vitabuni zina tatizo la aina hiyo. Zinachapwa kwa nukta ndogo ndogo, na nukta zikiwa kubwa au karatasi ikiwa mbovu, uso wa mtu unapotea. Stieglitz alichagua njia ya taabu zaidi, ile inayoitwa fotogravia. Picha inahamishiwa kwenye bamba la shaba, kisha asidi inalila lile bamba. Penye giza asidi inachimba sana, penye mwanga inachimba kidogo. Wino unajaa kwenye vishimo, karatasi inagandamizwa juu yake. Kishimo kirefu kinatoa wino mzito, kifupi kinatoa wino mwepesi. Matokeo yake weusi unashuka taratibu kuwa kijivu na kijivu kinapanda kuwa nyeupe, bila ngazi. Halafu picha nyingi zilichapwa kwenye karatasi laini ya Kijapani, zikabandikwa kwa mkono, moja moja, kwenye kila nakala. Na toleo moja lilikuwa linachapwa nakala 1,000. Hebu piga hesabu ya hiyo mikono!

Kuna kisa cha mwaka 1904 ambacho napenda sana. Kundi la Stieglitz lilikuwa na maonyesho Brussels, Ubelgiji, picha halisi hazikufika kwa wakati. Wakafanya nini? Wakatundika ukutani kurasa za Camera Work. Watu wakaja, wakatazama, na wengi wakadhani ndizo picha zenyewe. Fikiria maana yake. Ukurasa wa jarida uliokuwa ukienda kwa posta kwa mtu wa kawaida mwenye dola zake chache ulikuwa umefikia hadhi ya picha ya ukumbini. Kwa mara ya kwanza huhitaji kusafiri wala kuwa tajiri ili uione kazi ya sanaa ya kamera. Inakuja nyumbani kwako.

Lakini msidhani Stieglitz alikuwa mtu wa umma. Hapana. Alikuwa na maringo yake, na alitoka familia yenye uwezo. Mfano mzuri ni picha yake maarufu kuliko zote, The Steerage, ya mwaka 1907. Watu wengi wakiiona wanadhani ni wahamiaji wanaoingia Marekani. Wala! Meli ile, Kaiser Wilhelm II, ilikuwa inatoka New York kwenda Ulaya. Stieglitz alikuwa abiria wa daraja la kwanza na familia yake, akachoshwa na matajiri wenzake, akatembea hadi mwisho wa sitaha, akachungulia chini kwenye daraja la maskini. Akaona kofia ya duara, ngazi, daraja jeupe, shali za kina mama, na akakimbia kuchukua kamera. Alivyosimulia baadaye, kilichomvuta kwanza ni maumbo na hisia aliyoipata kutokana nayo. Watu wa chini walibaki chini, yeye akarudi juu. Picha ile aliichapa Camera Work mwaka 1911. Mimi naipenda na inanikera kwa wakati mmoja, na nadhani picha kubwa ndivyo zilivyo.

Sasa tuje kwenye swali la pili, la ukweli na kufurahisha darasa. Mwanzoni Camera Work lilijaa picha laini, zenye ukungu ukungu, zilizotengenezwa zifanane na michoro. Wasomaji walizipenda. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda mwalimu akabadilika mbele ya wanafunzi wake. Kwenye ukumbi wake mdogo pale namba 291, Fifth Avenue, uliofunguliwa 1905, akaanza kuonyesha kazi za Rodin, Matisse na Picasso. Mwaka 1912 akatoa toleo maalumu juu ya Matisse na Picasso, lenye maandishi ya Gertrude Stein ambayo hata leo ukiyasoma unaweza kudhani mchapaji alikuwa amelewa. Wapiga picha waliolipia jarida la picha wakauliza, hivi haya ni mambo gani? Wakaanza kuondoka. Vita Kuu ya Kwanza ikaja, karatasi na fedha vikawa shida. Kufikia 1917, jarida lenye uwezo wa kufikisha nakala 1,000 lilikuwa limebaki na wasomaji wa kulipia chini ya 40. Darasa letu la semina lina watu wengi kuliko hao!

Toleo la mwisho lilitoka Juni 1917. Na humo ndani Stieglitz akaweka kijana mmoja tu, Paul Strand, aliyezaliwa 1890. Picha za Strand hazikuwa na ukungu. Kulikuwa na mwanamke kipofu wa mtaani New York, kibao chenye neno la upofu wake kikining'inia shingoni, amepigwa kwa karibu, bila huruma na bila dharau. Stieglitz alikuwa anasema, kwa kitendo, kwamba njia aliyowafundisha watu kwa miaka kumi na nne imefika mwisho na mpya ni hii. Akafunga duka.

Walimu wenzangu, sasa sikilizeni huyu Strand alitoka wapi, maana hapa ndipo nilipoamua lazima niandike. Alikuwa mwanafunzi wa shule ya Ethical Culture pale New York. Pale kulikuwa na mwalimu anaitwa Lewis Hine, ambaye mkuu wake wa shule alimpa kamera aitumie kazini. Hine akaanzisha klabu ya picha, na siku moja akawachukua vijana wake akawapeleka 291 kuangalia maonyesho. Basi. Safari moja ya shule. Strand alitoka mle akiwa ameamua atakuwa mpiga picha. Hine mwenyewe baadaye akaacha kufundisha, akazunguka Marekani kuanzia 1908 akipiga picha watoto waliokuwa wanafanya kazi viwandani na migodini, picha zilizotumika kwenye kampeni ya kupinga ajira ya watoto. Mwalimu wa shule, jamani. Mtu wa chaki kama mimi na wewe.

Na kisa hakijaisha. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kijana mwingine, Walker Evans, alikuwa anapekua magazeti ya zamani kwenye maktaba ya umma ya New York. Akafika kwenye Camera Work. Sehemu kubwa hakuipenda, aliona ni mapambo tu. Mpaka alipofika kwenye yule mwanamke kipofu wa Strand. Ile picha ikampa njia, na Evans huyo ndiye aliyekuja kupiga picha za wakulima maskini wa Alabama mwaka 1936 zinazojulikana dunia nzima.

Jamani, toleo ambalo karibu hakuna aliyelilipia lilikaa kwenye rafu zaidi ya miaka kumi likimsubiri mwanafunzi wake. Mahudhurio ya siku ile yangesema mwalimu amefeli. Rafu ya maktaba ilisema vingine. Kila nikikumbuka kwamba tutapimwa kwa ufaulu wa mwaka mmoja mmoja, nakumbuka ile rafu.

Kwa nyie mnaosoma historia ya Afrika, Strand huyu huyu alialikwa na Kwame Nkrumah kwenda Ghana, akapiga picha kule 1963 na 1964. Kitabu kilitoka 1976 na maandishi yake ni ya Basil Davidson. Ndiyo, yule Davidson wa kwenye orodha yetu ya vitabu vya mwaka wa kwanza. Dunia ndogo.

Baada ya Camera Work kulikuwa na pengo. Mwaka 1951 wapiga picha na wanahistoria walikutana kwenye kongamano Aspen, Colorado, wakalia kwamba hawana mahali pa kuzungumza wao kwa wao. Mwaka 1952 likazaliwa Aperture. Waanzilishi walikuwa pamoja na Ansel Adams, Dorothea Lange, Barbara Morgan, Beaumont na Nancy Newhall, na Minor White, ambaye akawa mhariri hadi 1975. White alikuwa mwalimu hasa, kwa ajira na kwa roho. Alifundisha San Francisco, kisha Rochester, kisha MIT kuanzia 1965. Mwaka 1946, akiwa ametoka vitani, alikwenda kumwona mzee Stieglitz, miezi michache kabla mzee hajafariki. White alikuwa amekata tamaa na kamera. Mzee akamuuliza kama amewahi kupenda. Akajibu ndiyo. Mzee akamwambia basi anaweza kupiga picha.

White alikuwa anawataka wanafunzi wakae kimya mbele ya picha moja kwa muda mrefu kabla ya kufungua mdomo. Wengine waliona ni ushirikina tu. Mimi sina uhakika kama ningemvumilia muhula mzima, lakini kwenye kile kimya naona kitu ambacho sisi kwenye ualimu tunakikosa. Tunaonyesha picha ya Vita vya Majimaji kwa sekunde tano, tunasema "kama mnavyoona", halafu tunafuta ubao. Wameona nini?

Sasa ndiyo nifike kwa LensWork. Lilianzishwa 1993 na Brooks Jensen pamoja na Maureen Gallagher, kwenye kona ile ya kaskazini magharibi ya Marekani, na makao yake baadaye yakawa Anacortes, mji mdogo wa bandari katika jimbo la Washington. Ni jarida dogo, unaweza kulishika kwa mkono mmoja kama kitabu cha hadithi. Kwa miaka mingi lilikuwa la picha za nyeusi na nyeupe tu. Halikubeba matangazo ya kamera wala kurasa za kulinganisha lenzi ipi kali kuliko ipi. Badala ya kukupa picha moja moja ya kushangaza, linakupa mkusanyiko wa mtu mmoja juu ya jambo moja, kurasa kadhaa mfululizo, mara nyingi pamoja na maneno ya mpiga picha mwenyewe.

Uchapaji wake ni mjukuu wa ile fotogravia. Mashine inachapa picha moja kwa wino wa aina mbili, mweusi na mwingine wa kijivu, kila wino ukibeba sehemu yake ya mwanga na giza. Wa kwanza unatoa nguvu, wa pili unajaza yale ya katikati: mkunjo wa shati, vumbi la ukutani, ngozi ya mzee. Hakuna anayebandika kwa mkono tena, lakini nia ni ile ile ya 1904, ukurasa usiwe kivuli cha picha bali uwe picha.

Na ada? Hapa Jensen na Stieglitz wanaachana njia. Stieglitz alitaka wachache waelewa na alizibeba hasara. Jensen anaegemea kwa wasomaji wengi wa kawaida wanaolipia jarida lao, na ameandika na kusema mara nyingi kwamba haoni sababu ya kuifanya picha iwe adimu kwa makusudi. Picha inaweza kusafishwa nakala nyingi, sasa kwa nini uchape chache ili bei ipande? Amekuwa akitengeneza picha zake kama vijitabu vidogo na mafungu ya picha kwenye jalada la karatasi, na nyingine kama faili za PDF za kupakua. Wenye kumbi za sanaa wana hoja zao, msanii naye anakula, ni kweli. Lakini mimi mtoto wa shule ya kata, ambaye kazi halisi ya Strand labda sitaiona kamwe, niko upande wa Jensen bila kusita.

Halafu ndiyo ile podikasti. Jensen alianza mapema, kwenye miaka ya 2000, wakati neno podikasti lenyewe bado geni. Hakuna muziki mwingi wala wageni wa kuchekeana. Ni sauti ya mtu mmoja, dakika chache, wazo moja. Leo atauliza kwa nini tunapiga picha nyingi na tunamaliza kazi chache. Kesho ataongelea kuachana na tamaa ya kamera mpya, jambo alilolipa hata jina la kitabu chake cha mwaka 2004, Letting Go of the Camera. Keshokutwa atasema picha moja kali ni bahati, lakini picha kumi zinazozungumza pamoja ni kazi. Anaongea kama mwalimu aliyeandaa somo, ameweka lengo moja tu, akilifikia anakaa. Sisi tunaandika malengo matano kwenye andalio la somo la dakika arobaini!

Sio kila anachosema kinanihusu. Akianza habari za aina za karatasi na printa za wino za kwenye chumba chake cha kazi, mimi mwenye simu ya kioo kilichopasuka nachungulia tu dirishani. Wasikilizaji wake wengi anaowafikiria ni watu wenye muda na nafasi. Na sauti peke yake ina udhaifu: mtu anakuelezea picha usiyoiona. Lakini udhaifu huo huo unakulazimisha uijenge picha kichwani, na ukishuka kituoni unaanza kuangalia vitu. Mama muuza maandazi na kivuli cha mwavuli wake. Mikono ya konda yenye noti zilizokunjwa kwa urefu katikati ya vidole.

Kwa hiyo nikilitazama lile swali la mwanzo, naona hivi. Stieglitz alisema ukweli wake na akapoteza darasa. White alilishika darasa dogo kwa kimya. Jensen amelishika kwa kurudi tena na tena na somo fupi, kwa bei ambayo mtu anaimudu, na sauti ambayo ni bure. Wote watatu walikataa kitu kimoja: kumpa msomaji picha mbovu kwa sababu eti ni msomaji tu, hatajua tofauti. Anajua. Mwanafunzi wa kidato cha pili naye anajua. Ukimpa doa jeusi ukamwambia huyu ni Kinjikitile, anaelewa kwamba humheshimu yeye wala Kinjikitile.

Mimi nikienda mazoezi ya kufundisha nina mpango mmoja. Nitachukua picha moja tu ya kihistoria, nitaisafisha vizuri studio hata kama ni kwa hela ya chakula, nitaipitisha mkono kwa mkono, na dakika mbili za kwanza hakuna mtu kuongea, hata mimi. Tarehe na majina baadaye. Mkaguzi akiingia akakuta darasa kimya asishangae.

Na nyie, Jumamosi saa kumi jioni tukutane nyuma ya maktaba, pale kwenye madawati ya zege. Kila mtu aje na picha moja ya karatasi kutoka nyumbani kwao, sio ya kwenye simu. Ya babu, ya harusi, ya kipaimara, yoyote. Tutaziangalia taratibu. Atakayeanza kuongea kabla ya dakika mbili atanunua juisi.

Naomba kuwasilisha.